Kimo cha Barazani

Mashavu alianguka mbele ya macho ya shangazi yake, na maneno yakaanzia hapo.

Halikuwa anguko la kuvunja mtu mfupa. Alikuwa anarudi kazini, anaingia uani polepole, akakata kona kulikwepa pipa la maji, na ncha ya kiatu chake ikagonga tairi la mbele. Usukani ukakwama. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea na safari peke yake hadi vumbini. Goti likachubuka, mtandio ukamfunika uso mzima, na alipoufunua akamwona Shangazi Hafsa amesimama juu ya baraza na ungo wa mahindi mkononi.

"Tena?" akasema shangazi.

"Si ungeanza na pole kwanza, shangazi?"

"Pole nimekupa wiki nzima, mwanangu. Zimeniishia."

Mashavu akainuka, akajikung'uta, akaiinua na baiskeli. Jamani, ilikuwa nzuri! Kijani cha jani la mgomba lililochipua jana, usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi za wastani zenye meno madogo, zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara za changarawe kama hizi za pembezoni mwa Handeni. Wenzake walichumbiwa kwa pete. Yeye alimwambia Yusuph siku moja kwenye simu, kwa utani tu, kwamba angeulizwa angetaka baiskeli, maana kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba na ile ya zamani ilikuwa nzito kuliko yeye. Yusuph hakucheka. Baada ya muda wazee wake wakaja na posa, na kishika uchumba wakakileta juu ya keria ya gari, kimefungwa kanga mpya.

Barabarani, kwenye mteremko, ilikuwa ndoto. Mashavu aliwahi kuiachia pale kwenye mteremko mrefu, upepo umemjaa mtandioni, akajiona kabisa yuko nyumbani kwake na mume wake, anarudi jioni, kuna mtu anamsubiri mlangoni. Lakini kusoma mita si kazi ya mteremko. Ni kazi ya kona za polepole: unaingia ua huu, unazunguka mbuzi, unatoka, unakwepa sufuria, unaingia ua ule. Na katika kila kona ya polepole, kiatu chake na tairi lile vilikutana.

"Irudishe," akasema Shangazi Hafsa.

"Shangazi, unajua maana ya kusema hivyo."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Kwa ukoo wao kishika uchumba hakirudishwi. Kikirudi kwa mwenyewe, posa imekufa, na hakuna wa kuuliza kulikoni. Na Ijumaa, baada ya swala, wazee wa Yusuph walikuwa wanakuja kutoka Ngombezi kuchukua jibu. Jibu lilikuwa mdomoni mwa shangazi huyu huyu, aliyemlea Mashavu tangu wazazi wake walipofariki.

"Ni kwa sababu Yusuph ni mtu wa kambi za mkonge," akasema Mashavu. "Sema tu."

"Hilo nilishalimeza." Shangazi akaweka ungo chini. "Babu yake aliletwa na mkonge, hatujui alikotoka, sawa. Nimemwona kijana ana adabu, nikanyamaza. Mimi leo nina neno jingine. Itazame hiyo baiskeli. Halafu jitazame wewe."

Mashavu akajitazama. Alikuwa mfupi, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Akisimama sokoni, watu walizungumza juu ya kichwa chake kama wanaongea juu ya ukuta.

"Mtu anayetaka kukuoa hajui umeishia wapi," shangazi akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliuma zaidi. "Kimo chako hakijui, moyo wako ataujulia wapi? Hiyo hakukupimia wewe, Mashavu. Kampimia mwanamke mwingine anayemwona akifumba macho. Sitaki uende ukaishi kwenye nafasi ya mtu mwingine."

Maneno yale yalimwingia. Jioni Yusuph alipopiga simu, kama desturi yake magharibi ikiisha, Mashavu aliketi kitandani na goti lake lenye dawa, akaisikiliza ile sauti iliyokuwa ikimlaza usingizi mzuri kila siku.

"Inakwendaje mashine yako?"

"Inateleza kama samli," akasema Mashavu.

Yusuph akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mtoto aliyesifiwa, kikamkata Mashavu maini. Alitaka kumuuliza, ukifumba macho unamwona nani? Akamuuliza amekula nini.

Kulipokucha akaipandisha baiskeli juu ya basi, akaenda Korogwe. Alimwambia shangazi anaipeleka kwa fundi, na haukuwa uongo. Uongo ulikuwa kwamba alijua fundi atafanya nini. Hakujua. Alitumaini tu kuna namna ya kumfanya mrefu yule wa chuma awe mfupi, kabla ya Ijumaa, bila Yusuph kusikia.

Watu walimwelekeza kwa Stefania, mama mmoja wa makamo pale Manundu aliyekuwa akiuza na kutengeneza baiskeli za mtumba. Zilining'inia kwenye miti mbele ya banda lake, za kila rangi, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa katikati yake anakunywa chai kwa sahani.

"Hodi dada. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, mdogo wangu, karibu..." Stefania akaiona baiskeli, akaweka sahani chini. "Hii naifahamu. Hii nilimuuzia Yusuph wa Ngombezi, fundi wa mitambo pale korona, kiwandani kwa mkonge."

Mashavu akaduwaa. Katika wauzaji wote wa Korogwe!

"Nilimuuliza, huyo mchumba ana kimo gani? Nisije nikakupa isiyomtosha. Akanyoosha kiganja, hivi, usawa wa macho yake. Nikamwambia, ehe, basi umepata mlingoti." Stefania akamtazama Mashavu kuanzia kichwani, akafika miguuni mapema kuliko alivyotarajia. "Usiniambie ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ndiyo umeishia hapo?"

"Ndiyo nimeishia hapa, dada. Nifanyie fupi. Nakuomba."

Stefania akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Kisha akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Mwenye kosa."

"Dada, usimpigie! Hujui..."

"Yusuph? Njoo hapa. Mzigo wako una tatizo." Akakata. "Anakuja. Ngombezi si mbali."

Mashavu alisimama pale, pembeni mwa baiskeli. Angekimbia, lakini angekimbiaje na kitu kinachomgonga vidole kila kona? Akaanza kumwomba Mungu pikipiki ya Yusuph iishiwe mafuta.

Haikuishiwa. Yusuph alifika na nyuzi nyeupe za mkonge zimemganda kwenye mikono ya shati, akashuka, na kitu cha kwanza alichokiona ni baiskeli. Uso wake ukasawijika.

"Imerudi," akasema.

"Haijarudi," Mashavu akasema haraka. "Yusuph, sikia..."

Ndipo alipogeuka kuifuata sauti. Aliigeukia pale alipoizoea, usawa wa macho yake, na pale palikuwa na hewa. Akashusha macho. Akayashusha tena.

Naomba nieleze, maana msomaji anaweza kuona ni uzushi. Mara ya kwanza Yusuph kumwona Mashavu, alikuwa amekuja Handeni kutengeneza mashine ya kusaga ya jirani, na Mashavu alipita juu ya baiskeli yake kuukuu, amekaa. Mara nyingine zote alimwona nyumbani kwao. Na nyumbani kwao baraza ni ya juu. Babu yake Mashavu aliiinua hivyo ili maji ya masika yasiingie ndani. Mposaji hakanyagi baraza ya akina Mashavu mpaka ajibiwe. Husimama chini uani, na binti husimama juu. Ndivyo walivyozungumza wale wawili muda wote wa mapenzi yao, macho kwa macho, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jiwe na saruji vilikuwa vinamsaidia mmoja wao.

Sasa walisimama kwenye ardhi moja, na kichwa cha Mashavu kilifika kwenye mfuko wa shati la Yusuph.

Mashavu hakutazama kitu kingine ila macho yake. Aliyachunguza kama anavyochunguza mita, akitafuta pale mshale utakapotetemeka. Kama kuna mwanamke mrefu humo ndani, alijua, sasa hivi ndipo atakapoaga.

"Kumbe," akasema Yusuph taratibu, "ni baraza."

"Ni baraza," akasema Mashavu.

"Na mimi nilikuwa nimejipima mwenyewe."

"Nimeanguka wiki nzima kwa ajili yako, Yusuph."

"Umeanguka? Si uliniambia inateleza kama samli?"

"Ningekwambia nini? Ulivyokuwa unacheka kwenye simu!"

"Mashavu, umeumia?" Sauti yake ilipanda. "Umeumia, halafu unanidanganya? Ningejua ningekuja usiku ule ule. Mimi si mtu wa kufichwa. Nikifichwa la baiskeli, kesho nitafichwa la nini?"

"Na wewe nikikwambia haifai, si ndiyo kukurudishia? Hujui kwetu? Ijumaa wazee wako wangekuta baiskeli haipo, shangazi angewapa maji ya kunywa na kuwasindikiza, basi!"

Stefania alikuwa amegeukia chai yake kwa nguvu zote, na sikio lake moja hakuligeuza. Machozi yalikuwa yamemjaa Mashavu, na kwa kuwa yalikuwa yameshafika, akaona bora aseme lile lililoyaleta.

"Shangazi anasema ulimpimia mwanamke mwingine. Anasema ukifumba macho humwoni huyu. Niambie kweli, Yusuph. Umesikitika?"

Yusuph alipangusa nyuzi za mkonge kwenye mikono ya shati. Alikuwa mtu wa mitambo, hakuzoea kusema neno kabla hajalikagua.

"Nikifumba macho," akasema, "naona uso wako. Na huo mkono unavyoshika nguzo ya baraza. Miguu yako sijawahi kuiona, nitaifikiriaje? Kila mara nilikuwa nakusogelea hadi ukingoni mwa baraza, nasimama. Nikaondoka Handeni kila mara nikijisemea, siku nikiruhusiwa nitapanda nimfikie." Akatabasamu kidogo, kwa haya. "Leo naona kumbe ni kuinama."

Mashavu alifunika mdomo kwa mtandio. Mbele ya banda la baiskeli za mtumba, mchana kweupe, alihisi kama yuko kwenye ule mteremko na breki ameziachia.

"Haya, mkimaliza kulia mniambie," akasema Stefania, "mimi nauza baiskeli."

Akaishika ile ya kijani, akamwambia Mashavu akae juu yake, Yusuph aishikilie nyuma. "Weka mguu. Pedeli iwe mbele kabisa, hivyo. Sasa pinda usukani."

Kiatu kikagonga tairi.

"Tushushe siti," akasema Yusuph.

"Siti ishushe mpaka ardhini, baba, pedeli na tairi viko pale pale. Hapa ni fremu na tairi." Stefania akashusha nyingine, nyeusi, ndogo wazi wazi. "Jaribu hii."

Mashavu akajaribu. Ilimkaa vizuri mwilini, miguu ilifika chini, akafurahi. Akapinda usukani. Kiatu kikalamba tairi, kidogo tu.

"Hii si mbaya," Yusuph akasema. "Imegusa tu."

"Nyumba ngapi naingia kwa siku, Yusuph? Kugusa kwako ni kuanguka kwangu." Mashavu akainama, akaitazama. Alikuwa ameishi na kosa lile wiki nzima, alilijua kwa goti lake. "Dada, fremu wameifanya ndogo, lakini tairi wameliacha kubwa lile lile. Ndiyo maana limenifuata hadi mguuni."

"Umeona eh? Mtu mfupi usimtazamie fremu tu, mtazamie na tairi." Stefania akaingia ndani ya banda, akatoka na moja ya rangi ya tofali, rangi imechunika kwenye foki, ule uma unaoshika tairi la mbele, pembe za usukani zimefungwa utepe uliochakaa. Haikuwa na sura. Tairi zake zilikuwa nene lakini za mduara mdogo, foki imelala mbele, na vile vyuma vya pedeli vilikuwa vifupi.

Mashavu akapanda. Akaweka mguu, akapinda usukani kulia, akapinda kushoto, akaupinda hadi mwisho. Hakusikia kitu. Yusuph alipiga magoti vumbini, akapitisha kidole chake kati ya ncha ya kiatu na tairi. Kidole kikapita. Akakirudisha, kikapita tena. Hakikuwa na haja ya kupita tena.

"Kinapita," akasema, na akainua macho. Alikuwa chini yake, kama siku zote. Mashavu aliona vumbi kwenye nyusi zake na akatamani kulifuta, akaukaza mkono wake kwenye usukani usije ukamwaibisha.

"Nendeni mkaijaribu," akasema Stefania. "Na mrudi. Ukitaka kujua baiskeli, usiende mbele, zunguka."

Wakaenda hadi kwenye barabara ya vumbi inayoingia shambani, Mashavu mbele na ile ya tofali, Yusuph nyuma na ile ya kijani. Mkonge ulikuwa umejipanga pande zote mbili hadi macho yanapokomea, na upepo ulileta ile harufu kali ya maganda kutoka korona, harufu aliyokulia nayo Yusuph. Mashavu akaanza kuzunguka. Duara pana, kisha dogo, kisha dogo zaidi, polepole kiasi kwamba angeweza kuhesabu kokoto, na miguu yake ikazunguka chini yake bila kukutana na chochote. Alizunguka huku anacheka. Yusuph akaingia naye kwenye duara, wakawa wanazungukana, na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Mashavu alijiona tena kwenye ule mlango wa ndotoni, jioni, na mara hii aliyekuwa akisubiri mlangoni alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

Yusuph akageuza kichwa. "Mbona hii ya kwako inanikaa vizuri hivi?"

"Si ulijipimia mwenyewe?"

Wakacheka. Kisha Yusuph akaacha kucheka. "Nitamrudishia Stefania, anipe hiyo."

Mashavu akashika breki. "Ya kijani hairudi. Si kwa Stefania, si kwako. Uliniletea, nikaipokea, ni yangu."

"Utaifanyia nini?"

"Nitamwazima mtu. Kuna mtu mrefu anakuja kwetu mara kwa mara." Wazo lilimjia huku anasema. "Na hii ya tofali najinunulia mwenyewe. Akiba ninayo. Wewe umenipa kishika uchumba, kazi yake kimeifanya. Kimenishika. Miguu yangu nitaitafutia mimi."

Yusuph alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. "Na shangazi?"

"Twende ukamwone."

"Leo? Sijaitwa."

"Unanirudishia baiskeli yangu niliyokuazima. Hilo halihitaji kuitwa."

Wakarudi kwa Stefania, Mashavu akalipa, pikipiki ikabaki pale bandani, na basi la mchana likawapeleka Handeni, baiskeli zote mbili juu, na kutoka stendi wakapanda, wakaenda sambamba. Shangazi Hafsa alikuwa barazani. Aliwaona tangu mbali, mrefu na mfupi, akasimama. Mashavu aliingia uani polepole, akalizunguka pipa la maji, akalizunguka tena kwa makusudi, kisha akashuka na kusimama papo hapo chini. Hakupanda baraza.

"Shikamoo shangazi," akasema Yusuph kutoka chini, ukingoni mwa baraza.

"Marahaba." Macho ya shangazi yalikuwa kwenye ile ya kijani. "Mashavu. Hiyo mbona iko kwake? Umeirudisha?"

"Hapana, shangazi. Ni yangu. Nimemwazima aje nayo."

"Na hiyo mbovu?"

"Hii nimejinunulia. Haigongi mguu. Umeona mwenyewe."

Shangazi alilitazama pipa la maji, kisha goti la Mashavu. Mashavu alimjua, alikuwa anatafuta pa kuushikia ukali wake na hapaoni. Hatimaye akamgeukia Yusuph.

"Kijana. Mwanangu ana kimo gani?"

Yusuph hakugeuka kumtazama Mashavu. Aliinua kiganja, akakiweka kwenye mfuko wa shati lake, pale pale kilipofika kile kichwa asubuhi, akakiacha hapo.

"Hapa, shangazi."

"Umempima lini?"

"Leo. Aliposhuka chini."

Kuku walipita uani, wakarudi. Shangazi Hafsa alikitazama kile kiganja muda mrefu, kisha akamtazama Mashavu, aliyekuwa amesimama baina ya baiskeli mbili, machozi yanamtoka na anacheka. Akavuta mkeka uliokuwa umekunjwa ukutani, akaukunjua, akautandaza barazani.

"Jua kali hilo," akasema. "Panda ukae."

Yusuph hakuelewa upesi. Kisha akaelewa. Ijumaa ilikuwa bado, wazee walikuwa bado, na alikuwa ameambiwa apande. Akavua viatu, akakanyaga ngazi, akakanyaga baraza, na kichwa chake kikagonga boriti ya paa hadi vumbi likamwagika.

"Inama, baba," akasema Shangazi Hafsa. "Nyumba hii ilijengwa na watu wafupi."